Walisema Wanatupima

Bana Chola aliniuliza mbele ya watu wote, mwili wa bwana yake ukingali juu ya mukeka.

"Shemeki Kazadi, ile kinini ulikuwa unamupatia Mulenga, ilikuwa ya dawa ao ilikuwa ya bure?"

Aliniuliza kwa Kiswahili. Yeye ni Mubemba, mutu wa kisiwa cha Chisenga, na Kiswahili chake ni kile cha kuuzisha samaki tu: bei gani, punguza, ongeza moja. Lakini siku ile alitafuta maneno yangu mimi, akayapata yote, ili nisiseme kama sikusikia. Wanawake waliokuwa wanalia wakanyamaza. Wanaume waliokuwa nje wanapasua mbao za sanduku wakaacha musumeno. Mimi nilikuwa nimekaa chini, muguu wangu wa kuume, ule uliopona, nimeunyoosha mbele kama mutu anayeutembeza sokoni. Nikaukunja haraka.

"Sijui, shemeki," nikasema.

"Haujui. Na weye unatembea."

Katika ugonjwa wangu wote hakuna kitu kilichoniuma kama hicho. Nimechomwa sindano mpaka mishipa ikajificha. Nimenuka mpaka kuku wa nyumbani wakanifuata wakizani nimebeba utumbo wa samaki. Yote hayo niliyameza. Lile swali bado liko hapa kwenye koo.

Naandika sasa nikiwa mutu wa kupona, mwaka wa tatu huu. Naandikia wale wanaokaa leo kwenye benchi ya hospitali wakingojea kuitwa jina, na ambao wataletewa karatasi waweke kidole. Masomo sina mengi. Nilifika darasa la tatu kwa mapadri kule Kilwa, upande wa Zaire, kisha baba akaniita kwenye nyavu. Makosa ya kalamu ni yangu. Makosa mengine yana wenyewe, na nitawataja.

Ilianza kwenye kidole gumba cha muguu, mvua zikiwa zinaanza. Doa moja, rangi ya maini ya samaki. Nilizani nimechomwa na mwiba. Mimi ni muvuvi: nilivuka ziwa Mweru nikiwa kijana, nikaoa hapa Nchelenge, upande wa Zambia, na tangu wakati ule miguu yangu haikujua kukauka. Doa likazaa lingine, na lile likazaa. Baridi ilipofika, muguu ulikuwa umevimba mpaka kwenye goti, ngozi imekuwa ngumu kama gome la muti, na madoa yamekuwa mabonge. Kisha mabonge yakaanza kupasuka.

Wa kwanza ninayemutaja ni Ba Chanda, aliyekuwa anashika kliniki ya kwetu wakati ule. Miezi mitano alinipaka ile dawa ya zambarau. Miezi mitano! Kila mara macho yake yalikuwa kwenye kitabu chake, siyo kwenye muguu. "Kidonda cha maji," anasema, "uache kuingia kwenye maji." Unamwambia muvuvi aache maji. Ungemwambia pia aache kula.

Nyumbani kukawa na vita isiyo na kelele. Yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moja, alisema nimeruka kitu kilichowekwa kwenye bandari juu ya wivu, twende kwa mufumu akiondoe kwa dawa zake. Bibi yangu wa ndoa, Mama Feza, alikuwa na yake. Alihamisha mukeka wake kwenye chumba cha watoto.

"Kule kuna mbu kidogo," alisema.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na ukuta mumoja katikati. Sijaona mbu anayechagua chumba. Lakini nilimujibu, "Ndiyo, kule ni afazali."

Mwisho wake ni sista mumoja mupita-njia aliyefungua kitambaa cha muguu wangu, akatazama mara moja tu, akaandika barua ya kunipeleka kwenye hospitali kubwa ya kule kwenye migodi. Jina lake sikulipata. Yeye simutaji kwa ubaya.

Kutoka kwetu kwenda migodini unapanda lori mpaka Mansa, unavuka muto Luapula kwa pantoni pale Chembe, kisha unashika ile njia inayokata kipande cha Zaire kabla ya kurudia Zambia. Kwenye kizuizi, askari wa Zaire waliteremusha watu wote. Askari mumoja alikuja kwangu na bunduki yake, akaona muguu, akasikia na harufu.

"Baba, ni nini hii?"

"Sijui, mwanangu. Naipeleka wakanijulishe."

Alinitazama. Kisha akapigia wenzake kelele: "Huyu asishuke! Mumuache na muguu yake!" Akanisaidia kuunyoosha juu ya gunia la mutu. Watu wanapenda kusema ubaya wa askari wa Zaire, na ubaya wao upo. Lakini tangu nitoke nyumbani, yule ndiye wa kwanza kunigusa bila kukunja pua.

Hospitalini kulikuwa na benchi moja ndefu, mbao zake zimelainishwa na makalio ya wagonjwa wa miaka mingi. Unakaa mwisho, unasogea kila mulango unapofunguliwa. Mimi nikikaa, benchi inakuwa na nafasi: watu wanasimama, wanajifanya wanakwenda kutafuta maji. Siku ya pili, mutu mumoja mufupi, mwenye kichwa cha mviringo, alikuja akikokota muguu wa kushoto, akakaa pwaa! karibu yangu. Akatazama muguu wangu. Akafungua kitambaa chake, nikatazama wake. Mabonge yale yale, rangi ile ile.

"Weye ya kuume, miye ya kushoto," akasema. "Pea moja ya viatu itatutosha shiye babili."

Nilicheka mpaka mupokezi akatukemea. Nilikuwa sijacheka tangu mvua.

Ndiye Mulenga, muvuvi wa Chisenga. Ziwa moja, upepo mumoja, na hatukuwahi kuonana. Kiswahili chake kilikuwa cha soko kama cha bibi yake, kwa hiyo ugonjwa wetu wote aliusema kwa maneno ya biashara. Muguu ukimuuma sana: "Leo bei iko juu." Ukimuacha kidogo: "Leo kuna mapunguzo." Na mimi alinitania juu ya Ukongo wangu: "Shiye tunauliza samaki jina mbele ya kumukula. Beye bakwenu banauliza jina kisha."

"Na bakwenu," nikamujibu, "banauliza jina, banauliza na kabila, samaki anaoza."

Tuliitwa pamoja siku ya tatu. Dokta alikuwa muzungu murefu, jina lake Hadley. Mikono yake ilikuwa baridi, lakini haikuogopa kugusa, hilo nalisema. Alituambia ugonjwa unaitwa kansa. Kisha akazungumuza Kingereza kirefu sana, akionyesha karatasi, akionyesha anga, akihesabu kwenye vidole. Pembeni alisimama karani wa kutafsiri, Kasongo, mutu wa Katanga kama mimi, tai shingoni. Alikuwa anatikisa kichwa: yes, yes. Muzungu alipomaliza, Kasongo akatugeukia.

"Dokta anasema atawapima na dawa. Mukikubali, muweke kidole hapa."

Basi! Maneno ya Hadley yalijaza chumba mpaka kwenye bati. Ya Kasongo yangeenea ndani ya kisanduku cha kiberiti.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo tulipouzwa. Kwetu neno kupima lina tumbo kubwa. Samaki anapimwa kwenye kilo. Mugonjwa anapimwa na dokta ili ajue anaugua nini. Na mutu akivaa kiatu aone kama kitamuenea, ao akipanda mbegu asiyoijua aone kama itaota, huyo naye anapima. Kupima tatu, neno moja.

Mulenga hakuwa mujinga. Aliuliza: "Kupima ya kilo ao kupima ya damu?"

"Yote," akasema Kasongo, akacheka, akatutolea wino.

Tukaweka vidole. Na ni kweli, tangu siku ile kila siku ya kwanza ya juma tulipandishwa kwenye kilo, tukatolewa damu. Mulenga akipanda kilo alikuwa anapiga kelele ya sokoni: "Samaki mukubwa! Bado mubichi! Nani anachukua?" Tulizani ndiyo kule kupimwa tulikoambiwa.

Kwanza zilikuja sindano. Tatu, kila moja na majuma yake matatu, na mimi wakati ule nilihesabu kwa hizo, siyo kwa mwezi. Sindano ya kwanza ilinitapisha mpaka nyongo ya kijani. Ya pili ilichukua nywele, hata za kope. Ya tatu ilifungua vidonda mudomoni, nikashindwa kumeza hata mate. Kulikuwa na mama wa kufagia, Mama Bwalya, aliyeona nasukuma sahani ya bukari, ugali wetu, kila siku. Bila kuagizwa na mutu, alianza kuniletea munkoyo, kile kinywaji cha unga na mizizi, kwenye kikopo, baridi, amechuja vizuri. "Usitafune," ananiambia, "acha iteremuke yenyewe." Kama leo nina mwili, kipande chake ni cha yule mama.

Mama Feza alikuja mara moja, kati ya sindano ya pili na ya tatu. Alisimama mulangoni akinitafuta na mimi nikiwa mbele yake. Aliponitambua alicheka kile kichwa kitupu, na kicheko chake kikageuka katikati, kikawa kilio. Kisha akachota maji ya moto, akaosha muguu wangu, kidole kwa kidole. Akiukausha ndipo aliposema, macho chini:

"Haikukuwa mbu."

"Najua."

"Ilikuwa harufu. Nilishindwa, Baba Feza. Unirehemu."

Nikamwambia hata mimi ningekuwa na mukeka mwingine ningehama muguu wangu. Tulicheka wote wawili, na jambo lile likaisha. Nawaambia mulioko na wagonjwa nyumbani: semeni kitu jina lake. Harufu, semeni harufu.

Baridi ilipoisha na jua kali kuanza, sindano ziliisha nazo. Tukahamishiwa kwenye vibanda vya nyuma ya hospitali, vya wagonjwa wa mbali, tujipikie wenyewe. Mimi na Mulenga tulipewa kibanda kimoja. Na kila mumoja akapewa chupa yake ya kinini, namba imeandikwa juu. Yangu kumi na saba. Yake kumi na mbili. Mbili kila asubui.

Kinini hizo zilifanana kama mayai ya kuku mumoja: nyeupe, za mviringo. Lakini asubui ya kwanza, nilipoweka zangu kwenye ulimi, uchungu ulinipanda mpaka masikioni. Mulenga alimeza zake kama anameza ubuyu wa mutoto.

"Haina uchungu?" nikamuuliza.

"Hata kidogo. Kama unga."

Tukabadilishana moja, tukaonja. Kweli. Yangu nyongo, yake unga.

Kwetu, dawa yoyote ya kumeza tunaiita kinini, juu ya ile ya zamani ya malaria iliyokuwa inakunja uso wa mutu. Kinini isiyo na uchungu ni jina tu. Mulenga akawa anazungusha chupa yake mukononi. Alikuwa na watoto sita Chisenga. Nikamuona anaogopa, naye hakuwa mutu wa kuogopa.

Tulikwenda kumuuliza Kasongo. Mumutaje pamoja nami: Kasongo, mwenye tai. Tulimukuta kwenye biro yake, ile ofisi ya makarani.

"Mukubwa, mbona ya huyu iko na uchungu na ya yule haina?"

"Mukunywe tu. Si niliwaambia munapimwa?"

Basi tukarudi kibandani, na mimi ndimi niliyesema. Sisukumi kwa mutu mwingine. Nilisema: "Mulenga, mutumbwini watu wawili wanakula bukari kwenye sahani moja. Mumoja hawezi kutowelea samaki, mwingine akitowelea maji. Tuchukue moja ya kwako, moja ya kwangu, kila mumoja."

Alinishika mukono kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kama Wabemba wanavyofanya mbele ya mukubwa. Na tangu hapo kila asubui: chupa mbili kati yetu, moja ya uchungu, moja ya unga, kila mutu. Hesabu ya chupa haikupotea hata siku moja. Kasongo alipokuja kuzihesabu alikuta sawa sawa.

Na muguu wangu ukaanza kukauka. Mabonge yakanyauka kama nyanya zilizoachwa juani. Wa Mulenga nao, polepole zaidi, lakini ulikuwa unakauka. Siku moja alivaa kiatu cha kushoto, mimi nikavaa cha kuume, pea moja, tukashikana mabega, tukatembea mpaka kwa Mama Bwalya. Akaacha ufagio wake, akapiga vigelegele.

Mawingu ya kwanza ya mvua yalipoanza kujikusanya, Hadley alituita. Alishika muguu wangu, akashika wa Mulenga, akatabasamu mara ya kwanza. Akasema kitu, na Kasongo akatafsiri: "Anafurahi. Anauliza kama munakunywa vizuri."

Mulenga akajinyoosha kama anaapa. "Mwambie vizuri kabisa. Shiye hatuna choyo. Moja ya kwangu, moja ya kwake. Kila asubui." Akanitazama. "Kila asubui, siyo, Ba Kazadi?"

"Kila asubui," nikasema.

Tai ya Kasongo ilipanda na kushuka. "Nyamazeni," akasema kwa sauti ndogo. Lakini Hadley alikwisha kuona uso wake, akamulazimisha atafsiri. Akatafsiri. Safari hii neno kwa neno, nina hakika, kwa sababu muzungu alikaa chini kama mutu aliyekatwa mishipa. Hakupiga kelele. Alichukua kitabu chake, akavuta musitari mumoja kwa rula, na mwingine chini yake. Kisha akakusanya chupa zetu kutoka mezani, zote mbili kwa mukono mumoja.

"Anasema nini?" Mulenga akauliza.

"Anasema mumeharibu kazi ya miaka mibili."

"Kazi gani?"

Kasongo hakulitafsiri swali lile. Hadley akasema neno lingine, akifungua mulango.

"Anasema asante. Murudie kwenu, kliniki ya kwenu itawatazama."

"Na kinini zetu?"

"Hakuna kinini. Mumetoka kwenye kitabu."

Mulenga alisimama pale na kofia yake. "Lakini kosa ni nini?" aliuliza kama mutoto. "Kula pamoja?"

Ni kwenye geti, tukingoja lori, Kasongo alipotufuata. Alikuwa anavuta sigara, na nafikiri kulikuwa na haya kidogo ndani yake, si nyingi.

"Bon," akasema. "Munataka kujua? Chupa moja ilikuwa na dawa. Nyingine ilikuwa unga tu, banaugandamiza, banaupa sura ya kinini. Banatazama nani anapona."

Nikamusogelea. "Gani ilikuwa dawa?"

"Hata Hadley hajui. Imeandikwa kwenye karatasi, imefungwa ndani ya anvelopi, iko Ulaya. Banafungula mwisho, kazi yote ikiisha."

"Lakini ile ya uchungu..."

"Uchungu banaweza kutia. Ukitia kinini ya malaria kidogo, hata unga inakuwa chungu. Miye sijui."

"Mbona haukutuambia, Kasongo? Mbona?"

Akatupa sigara. "Niliwaambia. Nilisema munapimwa."

Ndipo nilipoelewa. Hatukuwa samaki kwenye kilo. Iliyopimwa ilikuwa dawa. Kilo ilikuwa sisi.

Njia nzima ya Zaire Mulenga alikuwa anakunja na kukunjua kofia yake. Kwenye pantoni ya Chembe, maji yakipita chini yetu, ndipo aliposema:

"Angesema tu 'sijui'. Dokta angesema, sijui kama dawa hii inaponyesha, ningeweka kidole. Kila siku natega nyavu, sijui. Muvuvi gani anaogopa neno sijui?"

Wasomaji wangu, mulio kwenye benchi: sisemi mukatae. Watu wananiuliza hapa Nchelenge, Kazadi, na wakiniletea mimi karatasi? Nawaambia, labda ndiyo. Sindano ni zile zile za kila mugonjwa wa hospitali, na mimi niko hai. Lakini usiweke kidole juu ya neno lenye tumbo kubwa. Muulize: unanipima mimi, ao unapima dawa juu yangu? Na ukinipa kitu, wewe mwenyewe unajua ni nini? Akijibu "sijui", huyo ni mutu. Kaa naye.

Muguu wangu haukurudia. Wa Mulenga ulirudia kabla ya mahindi kukomaa. Safari hii haukubakia kwenye muguu, ulipanda tumboni, ukafika kifuani, akawa anakohoa damu. Kliniki ya kwao ilimupa dawa ya kikohozi. Lori ya hospitali haikuja kumuchukua, kwa sababu lori ilikuwa ya watu wa kitabu, na jina lake lilikuwa chini ya musitari. Nilivuka kwenda Chisenga mara tatu kumuona. Mara ya mwisho alikuwa mwepesi, ungemubeba kama kikapu kitupu. Alinionyesha kiatu chake cha kushoto chini ya kitanda.

"Peleka," akasema. "Sasa uko na haki ya pea nzima."

Majuma mawili kisha, Bana Chola aliniuliza lile swali, nami nikajibu sijui. Ilikuwa kweli. Lakini haikuwa kweli yote, na sasa niandike ile iliyobakia, maana siwezi kudai majibu ya watu na yangu nimeyakalia.

Katika majuma ya mwisho pale kibandani, muguu wangu ulipoanza kukauka, nilishikwa na haraka ya kupona. Mulenga alikuwa anatangulia kwenda kuchota maji. Asubui sita, siyo moja, sita, kabla hajarudi, nilimeza mbili za uchungu kutoka chupa yangu. Nikamuachia mbili za kwake juu ya kifuniko, kama ndivyo tulivyogawa. Nilizani hatajua. Lakini ulimi wake haukuwa umekufa. Asubui moja alizimeza, akakaa kidogo, akasema:

"Leo kinini iko tamu."

Akacheka. Mimi nikainama kufunga kitambaa ambacho kilikuwa kimefungwa. Hakusema tena. Na mbele ya Hadley, ni yeye aliyesema "kila asubui", akanitazama, akanifunika.

Sasa munaelewa juu ya nini nataka kujua. Kama ya uchungu ilikuwa dawa, nilimuibia Mulenga asubui sita za uzima wake. Kama ilikuwa unga wenye kutiwa uchungu, sikumuibia kitu, na ni mimi niliyekuwa nakula dawa yake siku zingine zote kwa jina la undugu. Kama hakuna iliyofanya kazi, ni bahati tu, basi niache nilie rafiki yangu kama watu wengine wanavyolia wafu wao. Moja kati ya hizo tatu ni yangu. Imeandikwa. Kuna mutu anaweza kuisoma.

Nilirudia migodini kisha ya maziko, kwa miguu yangu miwili, na viatu viwili. Benchi ni ile ile. Hadley alikwisha kurudia kwao Ulaya. Kasongo ana biro yenye simu sasa. Hakunikaribisha kukaa. Aliniambia, "Faili ilikwisha kufungwa, mudala. Bazungu bale habamo tena."

Kama faili imefungwa, basi kazi imeisha. Na kama kazi imeisha, anvelopi imefunguliwa. Wewe mwenyewe ulisema, Kasongo, pale kwenye geti.

Dokta Hadley, popote uliko: namba kumi na saba na namba kumi na mbili. Ulipovuta musitari juu ya majina yetu haukufuta miguu yetu. Niandikie mulikuwa nini ndani ya chupa zile. Ba Chanda, niambie uliona nini kwenye kitabu chako miezi mitano. Na wewe, Kasongo, uyatafsiri haya yote kwa muzungu wako, neno kwa neno, urefu wake wote, usiyakunje ndani ya kiberiti.

Mimi nimejibu la kwangu. Kabla ya kutuma karatasi hizi nilivuka kwenda Chisenga, nikamusomea Bana Chola kila kitu, hata zile asubui sita. Alikuwa anapanga samaki juu ya kichanja. Hakuacha kupanga mpaka nilipomaliza. Nikangoja anitukane, na ningeshukuru.

Aligeuza samaki wa mwisho.

"Weye umesema," akaniambia. "Sasa bale nabo baseme."